Kijana wako akiugua akilini, utaanzia wapi?

Msomaji, mtoto wako akipandwa na homa usiku wa leo, huhitaji kuambiwa la kufanya. Utampa dawa ya kutuliza joto, utakesha kando yake, na alfajiri utakuwa kwenye foleni ya zahanati. Hakuna atakayekucheka. Majirani watakuja kukupa pole, na mwalimu ataipokea barua ya daktari bila maswali.

Lakini je, mtoto huyo akiwa na umri wa miaka 15, naye aanze kujifungia chumbani, asile, asilale, asioge wala kuzungumza na mtu, utampeleka wapi? Utamwambia nani? Hapo ndipo wazazi wengi hukwama. Wapo wanaonyamaza wakitumaini kwamba yatapita. Wapo wanaoshika kiboko. Na wapo wanaofunga safari hadi mashambani kumtafuta aliyemroga mtoto.

Jirani yangu mmoja alifanya yote matatu. Ameniruhusu nisimulie kisa chake, mradi nisimtaje kwa jina, kwa sababu anaamini kuna mzazi mwingine anayepitia alikopitia yeye.

Mwanawe alikuwa katika kidato cha pili, shule ya bweni. Alikuwa mvulana mpole, mpenzi wa kandanda, na kila muhula alikuwa miongoni mwa kumi bora darasani. Mwaka huo, muhula wa kwanza alirudi nyumbani akiwa nambari 43. Muhula wa pili hakuumaliza. Alirudishwa nyumbani kwa majuma mawili kwa kosa la kulala darasani na kumjibu mwalimu kwa ukali.

Baba mtu alisema huo ni uvivu na marafiki wabaya, akamchapa. Kijana hakulia. "Hilo ndilo lililonitisha," mama huyo aliniambia. "Mtoto anachapwa, naye anakutazama tu, kama aliyeuacha mwili hapo akaenda zake."

Shangazi mtu akasema kuna mkono wa mtu. Wakampeleka mashambani, mganga akachinja jogoo, akamchanja kijana kifuani na kupokea pesa zilizokuwa za karo. Waliporudi mjini wakamwingiza katika maombi ya kufunga ya siku tatu. Miezi minane ikapita hivyo. Kisha siku moja mama huyo, akifua nguo za mwanawe, alikuta karatasi mfukoni. Ilikuwa na mistari michache. Kijana aliwaomba wazazi wake msamaha kwa kuwa mzigo, na akaandika ni nani apewe viatu vyake vya kuchezea mpira.

Mama huyo aliketi kando ya karai la nguo akitetemeka. Kisha akainuka, akamshika mwanawe mkono, wakapanda matatu hadi hospitali. Hakujua atamwona daktari gani. Alijua tu kwamba hatarudi nyumbani kabla mtu hajamsikiliza.

UKAIDI AU UGONJWA?

Tusidanganyane. Si kila kijana anayebamiza mlango ni mgonjwa. Ubarobaro una vituko vyake, na ni kawaida kijana kununa, kubishana na wazazi na kutaka kuachwa peke yake. Basi mzazi atatambuaje?

Jiulize mambo matatu. Kwanza, hali hii imeendelea kwa muda gani? Huzuni ya siku mbili baada ya kuanguka mtihani si ugonjwa. Huzuni isiyoondoka kwa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, inataka kutazamwa. Pili, je, amebadilika kutoka alivyokuwa? Kijana aliyekuwa mkimya tangu utotoni si sawa na yule aliyekuwa mcheshi kisha akanyamaza ghafla. Tatu, je, maisha yake yamekwama? Ikiwa ameacha masomo, marafiki, chakula, usafi na hata michezo aliyoipenda, hilo si jambo la kupuuza.

Huzuni nzito ya namna hii ndiyo inayoitwa sonona. Kwa kijana aghalabu haiji na machozi. Huja na hasira, uchovu, maumivu ya kichwa na ya tumbo yasiyoonekana kwenye vipimo, na usingizi uliopinduka: anakesha usiku na kusinzia mchana. Mwingine husumbuliwa na wasiwasi unaomfanya moyo umdunde na kumnyima pumzi anapofikiria tu kwenda shule. Na wapo wachache wanaosikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au wanaoamini kwamba watu wanawafuata na kuwapangia njama. Dalili hizo za mwisho hazingojei juma la pili. Mwone daktari mara moja.

Usisahau pia mihadarati. Bangi, pombe na muguka huweza kuamsha au kuzidisha ugonjwa wa akili, hasa kwa kijana ambaye ubongo wake ungali unakua. Lakini mara nyingine mambo huenda kinyume: kijana huanza kuugua kwanza, kisha akavuta bangi ili apate usingizi au anyamazishe mawazo. Ukimfukuza nyumbani kwa sababu ya bangi bila kuuliza alianzaje, huenda umeuacha ugonjwa wenyewe bila kuugusa.

Wala usidhani ni wako pekee. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, kati ya kila vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Takriban theluthi moja ya magonjwa haya huanza kabla ya umri wa miaka 14, na karibu nusu kabla ya miaka 18. Kwa hivyo katika darasa la wanafunzi 45, huenda wakawa sita wanaobeba mzigo huu huku mwalimu akiwaita wazembe.

ANZIA NYUMBANI

Kabla ya daktari, kuna wewe. Tafuta wakati ambapo hakuna haraka wala wageni. Mazungumzo mengi mazuri na vijana hufanyika mkiwa mnafanya jambo jingine: mkichambua mboga, mkitembea kwenda dukani, au mkiwa ndani ya gari ambamo hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake machoni.

Anza na yale uliyoyaona, si na lawama. Badala ya kusema, "Wewe siku hizi umekuwa mvivu sana," mwambie, "Nimeona siku hizi hulali na chakula hukimalizi. Nina wasiwasi juu yako. Kuna nini, mwanangu?" Kisha nyamaza. Akisema hakuna kitu, mwambie utakuwepo atakapokuwa tayari, na urudi tena baada ya siku mbili. Usimlinganishe na ndugu yake wala usimwambie ulivyotembea kilomita kumi kwenda shule bila viatu. Mateso yako ya zamani hayaponyi yake ya leo.

Na ikiwa una shaka kwamba anafikiria kujitoa uhai, muulize waziwazi: "Je, umewahi kufikiria kujiua?" Wazazi wengi wanaogopa kwamba swali hilo litampa kijana wazo ambalo hakuwa nalo. Si kweli. Kijana ambaye hana fikira hizo hatazipata kwa kuulizwa, na mwenye nazo mara nyingi hupata nafuu kwa kuwa hatimaye kuna mtu aliyethubutu kulitaja.

Akikubali, usimwache peke yake. Zifungie dawa zote za nyumbani, pamoja na sumu za panya na za wadudu, mahali asipoweza kufika. Usimkemee wala usimhubirie. Mpeleke hospitali yoyote iliyo karibu siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, katika idara ya dharura. Ukitaka mtu wa kuzungumza naye papo hapo, nambari 116 ya Childline Kenya hupigwa bila malipo, mchana na usiku, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Kwa matatizo ya mihadarati, mamlaka ya NACADA ina nambari 1192, nayo ni ya bure.

Huenda ukaogopa polisi. Kwa miaka mingi sehemu ya 226 ya kanuni za adhabu ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na familia nyingi zilificha kisa kama hicho kwa kuhofia mahakama. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliamua kwamba sehemu hiyo inakwenda kinyume cha Katiba. Mtoto aliyefika hapo ni wa kutibiwa, si wa kushtakiwa.

WAPI PA KWENDA

Si lazima uanze na bingwa. Kama mwanao yuko shuleni, mwone mwalimu wa ushauri nasaha. Wengine wana mzigo wa masomo na hawapati nafasi ya kutosha, lakini wanaweza kukueleza mambo usiyoyaona nyumbani: nani anamwonea, lini alianza kukaa peke yake, na kama kuna jambo lililotokea bwenini ambalo hajalisema. Matatizo mengine ya akili chanzo chake ni mtoto kudhulumiwa, na hayatapona ikiwa anayemdhulumu bado yupo.

Kisha nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe. Afisa wa kliniki au daktari wa kawaida anaweza kumpima kwanza ili kuhakikisha kwamba si upungufu wa damu, malaria, ugonjwa wa tezi ya shingo au kifafa, kwa maana maradhi ya mwili pia humbadilisha mtu tabia. Mwambie wazi kwamba una wasiwasi kuhusu akili ya mtoto, na uombe barua ya kukupeleka kwenye kliniki ya magonjwa ya akili. Hospitali nyingi kubwa za kaunti zina kliniki hiyo, hata kama ni siku fulani tu za juma. Uliza siku zenyewe mapema usije ukapoteza nauli. Mara nyingi utakayemkuta ni muuguzi au afisa wa kliniki aliyesomea magonjwa ya akili. Usimdharau kwa kuwa si daktari bingwa, kwani hao ndio wanaowatibu Wakenya wengi.

Kwa wakazi wa Nairobi, hospitali ya kitaifa ya Kenyatta ina idara ya afya ya akili. Mjini Eldoret kuna hospitali ya rufaa ya Moi, na Mombasa kuna Port Reitz. Nayo Mathari ipo, kando ya barabara kuu ya Thika.

Najua jina hilo limekushtua. Mathari ilianzishwa mwaka wa 1910 kama nyumba ya kuwafungia waliohesabiwa kuwa wenda wazimu, na kwa miaka mingi jina lake limetumiwa kutishia na kutania. Nani hajaambiwa shuleni kwamba anafaa kupelekwa Mathari? Lakini wengi wanaotibiwa huko leo hawalazwi. Wanaingia asubuhi, wanamwona daktari, wanachukua dawa na kurudi nyumbani kwao. Jirani yangu anasema alipopewa barua ya kwenda huko aliificha ndani ya Biblia kwa majuma mawili. Alipofika hatimaye, alimkuta kwenye benchi mama mmoja wa kanisani mwao, naye akiwa na binti yake. Walitazamana, wakacheka, kisha wakalia.

NDANI YA CHUMBA CHA DAKTARI

Ziara ya kwanza huwa ya maswali mengi. Utaulizwa kuhusu mimba na uzazi wa mtoto, ukuaji wake, maradhi aliyougua, masomo, usingizi na hamu ya chakula. Utaulizwa kama katika ukoo kuna aliyewahi kuugua akili, kujiua au kuzama katika ulevi. Jibu kweli. Mjomba ambaye familia imezoea kusema "alikuwa mtu wa hasira tu" anaweza kuwa ufunguo wa kumtibu mwanao.

Andika nyumbani kwenye daftari mambo uliyoyaona na tarehe zake, kwa sababu ukifika pale utasahau. Beba ripoti za shule na dawa zozote anazotumia, zikiwemo za miti shamba.

Daktari atataka pia kuzungumza na kijana bila wewe kuwepo. Wazazi wengi hukasirika hapo. "Mimi ndiye ninayelipa, mbona nitolewe nje?" Elewa kwamba kuna mambo ambayo kijana hawezi kuyatamka mbele ya mzazi. Likiwa ni jambo la kuhatarisha uhai wake, daktari atakueleza.

Matibabu yenyewe ni ya aina mbili, na mara nyingi huenda pamoja. Kuna ya mazungumzo, ambapo mwanasaikolojia au mshauri nasaha hukutana na kijana mara kwa mara na kumfundisha namna ya kuyakabili mawazo yanayomlemea. Kuna pia dawa. Zile za sonona hazifanyi kazi kama za kuondoa maumivu ya kichwa. Huchukua majuma mawili hadi manne, au hata zaidi, kabla ya nafuu kuonekana. Wengi huziacha hapo, wakidai wametapeliwa. Wengine huziacha mtoto anapochangamka, wakidhani amepona kabisa, na ugonjwa hurudi kwa kishindo. Dawa hizi hupunguzwa polepole kwa maagizo ya daktari. Zikimletea usingizi mwingi, kichefuchefu au ukakamavu wa misuli, rudi umweleze, kwani anaweza kubadilisha dawa au kipimo. Na katika majuma ya kwanza, ukiona kijana amekosa utulivu au amezidi kuzungumzia kifo, mrudishe hospitali bila kungoja tarehe yake.

GHARAMA

Hospitali za kibinafsi ni ghali, na matibabu haya hayaishi kwa siku moja. Hakikisha umejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024, na umwandikishe mwanao chini yako. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na asiye na ajira rasmi hukadiriwa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Aliyesajiliwa anastahili kuhudumiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vilivyo kwenye mpango huo. Kwa hospitali kubwa, uliza mapema ni nini kinacholipiwa na nini utalipa mwenyewe.

Ukimtafuta mshauri wa kibinafsi, omba kuonyeshwa usajili wake. Sheria ya mwaka wa 2014 inataka washauri nasaha na wanasaikolojia wasajiliwe, na daktari naye awe amesajiliwa na baraza lao. Anayekataa kuonyesha cheti, au anayekuahidi kuponya kwa siku saba, mkimbie.

MGANGA NA MCHUNGAJI

Sitamwambia mtu aache imani yake. Maombi humpa mgonjwa matumaini na humfanya mzazi asizimie moyo. Kasisi au imamu mwenye busara atakuombea, kisha akuulize kama umefika hospitali. Lakini popote pale ambapo mtoto anafungwa kamba, anapigwa ili pepo watoke, ananyimwa chakula au anaambiwa atupe dawa, hapo mtoe. Jirani yangu hajutii maombi. Anachojutia ni miezi minane.

Kuna methali tunayoipenda sana sisi wazazi, kwamba samaki mkunje angali mbichi. Tumeitumia kuhalalisha kila kiboko. Lakini mtoto mgonjwa hakunjwi. Hapa methali inayofaa ni ile ya mficha maradhi, kwamba kifo kitamuumbua.

Jitunze wewe pia. Mzazi wa kijana mgonjwa hulaumiwa na kila mtu: mama huambiwa amemdekeza, baba huambiwa hakuwepo. Mara nyingi nyumba yenyewe huanza kupasuka. Tafuta mtu mmoja unayemwamini umweleze. Wala usiwasahau ndugu wa mgonjwa. Waelezwe kwa lugha wanayoielewa kwamba mwenzao anaumwa, wasije wakamwita mwendawazimu wakigombana.

Na shule je? Mwalimu mkuu apewe barua ya daktari, na muafikiane kuhusu dawa zitatunzwa na nani na kijana atarudi kliniki lini. Wakati mwingine ni heri ahamie shule ya kutwa, au arudie darasa. Mwaka mmoja si kitu.

Mwana wa jirani yangu alirudia kidato cha pili katika shule ya kutwa karibu na nyumbani. Baba yake, yule yule aliyeshika kiboko, ndiye aliyekuwa akimsindikiza kliniki kila mwezi, wakiketi bila kusema neno ndani ya matatu kwenda na kurudi. Haikuwa safari ya kunyooka. Mwaka uliofuata ugonjwa ulirudi kwa majuma matatu, wakarudi kwa daktari, akabadilisha kipimo cha dawa. Sasa kijana huyo yuko kidato cha nne. Si tena miongoni mwa kumi bora, na hakuna anayemuuliza. Jumamosi huvaa vile viatu akaenda uwanjani, na mama yake huvisafisha mwenyewe matope jioni.

Ikiwa kuna kijana nyumbani mwako ambaye umekuwa ukimtazama kwa wasiwasi ulipokuwa ukisoma haya, usingoje. Keti naye umuulize. Kisha mpeleke kliniki.